Maabara moja yasema nina homa ya ini, nyingine yasema sina

Assalaam aleikum mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Kisauni na mume wangu, wanangu wawili na mavyaa wangu. Mume wangu anaendesha tuktuk, nami hukaanga mahamri kila alfajiri nikauza na mbaazi hapo mlangoni. Maisha yamekaza, tukakubaliana niende Uarabuni miaka miwili kufanya kazi ya nyumbani ili tumalize kulipia kiwanja. Ajenti akanituma medikali. Pesa za medikali nilikopa kwenye chama.

Siku ya tatu ajenti akanipigia simu kuwa nimefeli. Nilipokwenda kuchukua karatasi nilikuta picha ya kifua ni safi, ukimwi hakuna, kaswende hakuna, mimba hakuna, homa ya ini B hakuna. Chini kabisa pameandikwa "HCV Ab, Reactive", na mbele yake 1.8. Nikamuuliza kijana wa dirishani hii ndiyo nini. Akasema, "Una homa ya ini C, nenda hospitali." Hakuongeza neno, akamwita mwengine.

Nilirudi nyumbani nalia, na kosa langu ni kuwa nilisema mbele ya watu. Mavyaa akanitengea sahani. Kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kisichanganyike na vya wengine. Wifi yangu akasema nisikande tena unga wa kuuza, na tangu siku ile sijakanda. Mume wangu hakunitusi, lakini usiku wa pili aliniuliza polepole, "Umeipata wapi?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu wallahi sijatoka nje ya ndoa yangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kimyakimya maabara nyingine, ndogo, mjini. Wakanitoboa kidole, wakatia tone kwenye kidude cha plastiki, ukatoka mstari mmoja. Wakaniambia sina kitu. Nikamwonyesha mavyaa karatasi, akasema maabara za siku hizi ukilipa huandikiwa utakalo. Ajenti naye anasema yuko mtu wa "kunisaidia" kwa elfu kumi na tano, ipelekwe damu ya mwengine kwa jina langu. Na jirani ameniletea dawa ya kusafisha ini, chupa tatu, anataka pesa yake mwisho wa mwezi.

Nilipojifungua mtoto wa pili mwaka 2019 nilipoteza damu, nikaongezwa painti mbili. Tena nimefanya hijama mara mbili kwa mama mmoja wa mtaani, ya mwisho kama mwaka umepita. Huenda ni huko? Watoto wangu je, nimeshawaambukiza? Na kati ya maabara hizi mbili, ni ipi iliyonidanganya?

Ni mimi mwanao, Kisauni

* * *

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi pale pale, kwenye hiyo 1.8. Nilifanya kazi ya maabara miaka mingi kabla ya kushika safu hii. Mtu mwenye nambari kama hiyo hatupwi nje ya dirisha kwa maneno saba. Huitwa ndani, akapewa kiti, akaelezwa. Kijana yule alikwambia jambo ambalo karatasi haisemi. Karatasi haisemi una homa ya ini C. Inasema kipimo cha kingamwili kimeitika, na swali la kuwa una virusi au huna bado halijaulizwa.

Hiyo "HCV" ni kirusi cha homa ya ini C, na "Ab" ndiyo kingamwili. Kingamwili si virusi. Ni kitu ambacho mwili wako wenyewe hutengeneza baada ya kukutana na kirusi, na hubaki kwenye damu muda mrefu. Ukiingia chumba ukasikia harufu ya udi, huwezi kuapa kwamba chetezo kimo humo. Huenda kimo na makaa yanawaka. Huenda kilitolewa tangu jana, harufu imeshika mapazia. Na huenda udi umefukizwa kwa jirani, moshi ukapita dirishani kwako. Kipimo ulichofanyiwa medikali hunusa tu. Hakina macho ya kuona chetezo.

Kwako wewe basi mambo yanaweza kuwa matatu. La kwanza ni kuwa virusi vimo kwenye damu leo. La pili ni kuwa viliingia zamani na mwili ukavimaliza wenyewe bila dawa, jambo linalotokea kwa watu kama 3 katika kila 10 wanaoambukizwa aina C, kwa kawaida ndani ya miezi sita ya mwanzo. Hao hubaki na kingamwili miaka na miaka, na kila wakipimwa kipimo kinaitika, ilhali hawaumwi wala hawamwambukizi mtu. La tatu ni kuwa hujawahi kukutana na kirusi hiki hata siku moja, na kipimo kimedanganywa na kitu kingine kinachofanana na kile kinachotafutwa.

Watu wa Mombasa hili tungelielewa upesi, maana tuliliishi. Mwaka 2017 ukiisha na 2018 ukianza, chikungunya ilipita mjini humu, watu wakatembea wamepinda kama jina lenyewe la Kimakonde linavyosema. Waliougua wakapona. Lakini mmoja wao akipimwa leo ile kingamwili ya aina ya IgG, kipimo kinaweza kuitika kwa nguvu. Je, tumlaze hospitali? Ugonjwa umeshakwenda. Damu ndiyo inayokumbuka.

Sasa nikueleze kwa nini naliangalia zaidi lile jambo la tatu. Mashine nyingi za maabara huweka mpaka kwenye 1. Chini ya hapo husema hakuna, juu ya hapo husema kimeitika. Aliye na maambukizo ya kweli kwa kawaida hutoka na nambari kubwa, mbali na mpaka. Nambari kama yako, iliyovuka mpaka kidogo tu, ni ile ambayo sisi tulikuwa tukiishuku. Sisemi kuwa huna. Hakuna wa kukwambia huna kwa nambari hiyo, wala wa kukwambia unayo.

Tena kuna hesabu ambayo watu hawaambiwi. Chukua kipimo kizuri kabisa, kinachowakamata wagonjwa wote, na katika kila watu 100 wasio na maambukizo kinamkosea mmoja tu. Wapime kina mama 1,000 wanaokwenda Uarabuni, na tuseme walio na virusi kweli ni wanne. Kipimo kitawashika hao wanne. Waliobaki ni 996, na kwa kukosea mmoja katika 100 kitawashika wengine kama 10. Wote 14 watarudishiwa karatasi iliyoandikwa maneno yale yale, na 10 kati yao hawana kitu. Chukua kipimo hicho hicho ukapime watu 1,000 wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano za kuchangia, na tuseme kati yao 200 wana virusi. Watashikwa 200 wa kweli na 8 wa makosa. Kipimo hakikubadilika, waliobadilika ni watu waliopimwa. Ndiyo maana haifai mtu asimamishwe kwenye kipimo cha kwanza, hasa pale ambapo ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Kwenye ukimwi mambo ni hivyo hivyo: Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linataka vipimo vitatu mfululizo viitike kabla mtu hajaambiwa ana virusi. Nawe jibu lako la C ulipewa kwa kipimo kimoja.

Umeniuliza maabara ipi imekudanganya. Sioni iliyokudanganya. Ya kwanza ilitumia kipimo chepesi wa kuitika, na kimewekwa hivyo makusudi ili kisimpoteze mgonjwa hata mmoja, kisha anayebaki na shaka apelekwe mbele. Kosa ni kuwa hukupelekwa. Ya pili ilitumia kipimo cha haraka, na kupata mstari mmoja baada ya ile 1.8 ni dalili njema, tena hijama yako ya mwisho imepita mwaka. Nataja mwaka kwa sababu kingamwili ya homa hii huchukua wiki 8 hadi 11 kuonekana tangu mtu aambukizwe. Aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa leo akaonekana safi naye si safi.

Lakini usiichukue karatasi ya pili kwa kuwa ndiyo inayokupendeza. Vidude vile vya plastiki vingi vinatakiwa vihifadhiwe pasipozidi nyuzi 30, na joto la Mombasa mwezi wa Machi unalijua. Nimeona maboksi yamerundikwa juu ya kabati, dirisha limefungwa, feni haina umeme. Halafu kila kipimo kina dakika zake za kusomwa. Ukikisoma mapema mstari unaweza kuwa haujatoka, ukikisahau mezani mstari wa uongo unaweza kujichora. Mwenye kinga dhaifu, kama anayesafishwa figo, huenda hana kingamwili ya kutosha kuonekana ingawa virusi anavyo. Hutaki kuishi na karatasi mbili zinazogombana ndani ya mkoba.

Kinachomaliza ugomvi ni kipimo cha virusi vyenyewe. Huitwa PCR, au kwenye karatasi utaona "HCV RNA". Hicho kinatafuta chetezo. Unatolewa damu ya mshipa, huhitaji kufunga kula. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, na karatasi zote mbili, umwombe daktari akuandikie. Uliza kama wanapima hapo hapo au sampuli inapelekwa Nairobi, na bei ni ngapi, kabla hujatoa mkono. Mashine ya GeneXpert, ile inayopimia kifua kikuu, nayo ina kipimo cha virusi vya C ikiwekewa kibweta chake, kwa hiyo usikubali kujibiwa "hakuna" na mtu wa kwanza utakayemkuta mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unahimiza damu iliyoitika ipitishwe moja kwa moja kwenye kipimo cha virusi, mtu asirudishwe nyumbani na nusu ya jibu. Wewe ulirudishwa na nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuvunjia nyumba. Linaniuma sana hilo.

Ikitoka kuwa virusi havipo, mambo yamekwisha. Huna homa ya ini C leo. Kama ni ya zamani iliyopona au kama haikuwahi kuwepo, kwa afya yako haina tofauti, ingawa mstari mmoja wa maabara ya pili unanielekeza kwenye kutowahi kuwepo.

Ikitoka kuwa vipo, usianguke. Homa hii siku hizi inapona. Kuna vidonge, sofosbuvir pamoja na daclatasvir, vinavyomezwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa. Kabla ya 1989 kirusi hiki hakikujulikana, madaktari waliita ugonjwa wake "si A wala B", na leo una tiba ya miezi mitatu. Lakini kumbuka hata ukipona kingamwili itabaki, na kila medikali utakayofanya maishani kipimo kile cha kwanza kinaweza kuitika. Karatasi ya PCR ihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Na kingamwili za C hazikukingi kuambukizwa mara nyingine.

Sasa nyumbani. Homa ya ini C hupita kwa damu. Haipiti kwa sahani, kwa kikombe, kwa kukumbatiana, kwa maziwa ya mama wala kwa unga uliokandwa. Mwambie mavyaa kwa adabu, na akikataa mchukue mpaka kwa daktari asikie kwa masikio yake. Uzi ule mwekundu ukate leo, usingoje PCR, kwa maana hata ikitoka una virusi, kikombe hakina kosa. Na mahamri yako kaanga. Mpaka majibu yatoke, usichangie na mtu wembe, mswaki wala mkasi wa kucha, ukijikata funga kidonda, na usiende kutoa damu ya msaada.

Watoto. Mama mwenye virusi kwenye damu wakati wa kujifungua humwambukiza mtoto kama 5 au 6 katika kila 100. Wewe hatujui hata kama unavyo. Tena hesabu mwenyewe: painti zile mbili uliwekewa ulipokwisha kujifungua wa pili, na hijama unayoitaja, kama ilikuwa baada ya hapo, nayo imekuja wote wawili wakiwa wameshazaliwa. Ikitoka huna virusi, watoto usiwatoboe bure. Ikitoka unavyo, wapimwe wote wawili ili roho itulie.

Kuhusu damu ya 2019, damu ya kutoa hapa Kenya hupimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kuwekwa mtu, kwa hiyo si pa kwanza ningepashuku. Hijama ningeipa macho zaidi, na si kwa kuwa hijama ni mbaya. La kuuliza ni wembe. Je, ulifunguliwa mpya mbele yako? Mwenzako aliyetangulia alichanjwa kwa upi? Ukienda tena, nenda na wembe wako ukiwa bado kwenye karatasi yake.

Na mume wako. Ameuliza polepole, na mtu anayeuliza polepole anataka kujibiwa. Mjibu hivi: homa ya ini C kati ya mume na mke hupita kwa nadra sana, njia yake kubwa ni damu, kwa hiyo hata ikiwepo si ushahidi wa zinaa. Halafu mwambie haijathibitishwa kuwa ipo. Bora kuliko kumweleza, mwombe aegeshe tuktuk asubuhi moja mwende pamoja Makadara, aone damu ikitolewa na asikie jibu kwa mdomo wa daktari. Maneno yako peke yako, mwanangu, baada ya yale yaliyosemwa sebuleni, yatabeba mzigo mkubwa mno.

Huyo mtu wa elfu kumi na tano mkimbie. Ukifika Uarabuni utapimwa tena kabla ya kupewa kibali cha kuishi, kwa damu yako mwenyewe, na ukishindwa huko unarudishwa na deni la chama likikungoja. Mwambie ajenti akuulizie kituoni, kwa maandishi, kama watakubali kukupima upya ukiwaletea PCR iliyotoka safi. Sikuahidi watakubali, maana sheria ni za nchi unayokwenda na baadhi ya vituo hushika kingamwili peke yake. Lakini uliza, na majibu uyatake kwenye karatasi. Wakikataa, utakuwa umekosa kazi hiyo na afya yako unaijua, nalo si dogo.

Chupa tatu za jirani mrudishie zikiwa zimefungwa. Hakuna dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuitoa homa ya ini C, na zipo nyingine ambazo zenyewe huliumiza ini, kiasi cha kuwa ukipimwa baadaye ini lionekane linaumwa na lawama iende kwa kirusi ambacho pengine hukuwahi kuwa nacho.

Kwa wasomaji wengine wenye karatasi kama hizi mikononi, nina mawili ya haraka. Mtoto mchanga wa mama mwenye virusi vya ukimwi hubeba kingamwili za mama yake, kwa hiyo chini ya miezi 18 kipimo cha kingamwili hakiwezi kuonyesha kuwa ameambukizwa. Hupimwa kwa PCR, na mama asikubali kuambiwa vingine. Na kwa homa ya ini B, soma herufi vizuri. "HBsAg" si kingamwili, ni kipande cha kirusi chenyewe, na ikiitika ni lazima uende kwa daktari. "Anti-HBs" ni kingamwili, na aliyechanjwa akiwa nayo ni habari njema, ina maana chanjo imeshika. Nimewahi kumwona mtu mzima akilia kwa sababu ya chanjo iliyoshika.

Ukipata majibu niandikie tena. Uninakilie jina la kipimo kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na nambari iliyo mbele yake.